KUCHAGUA RAFADHA ZA MOTABOTI: PIMA MZIGO KABLA YA KUMLAUMU FUNDI



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za mishahara, vipande vya shambani na usalama wa mashine viwandani. Safari hii tunazungumza habari za motaboti. Msomaji wa shamba la miwa asiseme hayamhusu. Wapo vijana waliojifunza ufundi katika karakana za viwanda vya sukari na vya nguo, ambao sasa wanafanya kazi katika gereji za boti, ziwani na pwani. Huko wanakutana na jambo tunalolijua sote: mashine inapewa mzigo isiouweza, inaharibika, halafu anayeulizwa ni fundi.

Jambo lenyewe ni hili. Mwenye boti anaamua kuibadilisha ili iende mbio zaidi. Anaondoa shafti iliyopita chini ya boti pamoja na usukani wake, na mahali pake anafunga mtambo unaotokeza nyuma ya boti. Rafadha, au propela kama mafundi wengi wanavyoiita, haizami tena yote. Boti ikishika mwendo, nusu yake huzunguka ndani ya maji na nusu hewani. Tuuite mtambo wa uso wa maji. Mwenye boti hutumia fedha nyingi kununua mtambo huo, na zamu ya rafadha ikifika anataka kubana matumizi. Hapo ndipo matatizo huanza.

MTAMBO HUU SI JAMBO GENI

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mkanada mmoja, Albert Hickman, aliunda boti zilizoitwa Sea Sled, ambazo rafadha zake zilifanya kazi nusu nje ya maji. Huko Thailand wenye boti za mitoni hufunga injini ya gari juu ya mhimili nyuma ya boti, na shafti ndefu inatoka moja kwa moja kwenye injini hadi kwenye rafadha ndogo karibu na uso wa maji. Kazi hiyo hufanywa na mafundi wa kawaida kwa vyuma vya magari makuukuu. Baadaye Mmarekani Howard Arneson alitengeneza mtambo wenye kiungo cha mviringo kama cha nyonga ya mtu, unaoinuliwa, kuteremshwa na kugeuzwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki. Kwa kuwa mtambo wenyewe hugeuka, boti haihitaji usukani mwingine. Tangu miaka ya 1980 mitambo ya namna hii imefungwa katika boti za mashindano, boti za doria na boti za matajiri.

FAIDA YAKE NA MPAKA WAKE

Katika boti ya kawaida, shafti, mikono inayoishikilia na usukani huburutwa ndani ya maji safari nzima. Mwendo ukizidi, sehemu kubwa ya nguvu ya injini huishia katika kuviburuta vyuma hivyo. Tena rafadha iliyozama ikizungushwa mbio sana, maji yaliyo mgongoni mwa mapanga yake hukosa mgandamizo, yakageuka mapovu ya mvuke. Mapovu yakipasuka hula chuma, na baada ya muda utaona mashimo kama ya mchwa. Rafadha ya uso wa maji huingiza hewa mahali pa mvuke huo. Hewa haipasuki kwa kishindo, na chuma hakiliwi.

Lakini faida hiyo ni ya chombo kinachokwenda mbio. Boti ambayo kazi yake ni kwenda chini ya noti 25 hivi, yaani kilomita 46 kwa saa, haipati faida kubwa. Boti ya mizigo au ya samaki inayokwenda noti 10 haipati kitu. Fundi akiulizwa na mwenye chombo cha namna hiyo, amwambie ukweli huo kabla fedha haijatoka.

KWA NINI RAFADHA ZA ZAMANI HAZIFAI

Wenye boti wengi huuliza: kwa nini nisifunge rafadha zangu za zamani? Majibu ni matatu.

Kwanza, umbo. Panga la rafadha iliyozama ni jembamba pande zote mbili. Panga la rafadha ya uso wa maji lina makali mbele, kisha linanenepa kuelekea nyuma kama kabari, na ukingo wake wa nyuma umekatwa wima. Kila mzunguko panga hilo hutoka hewani na kuyapiga maji. Shafti ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, kila panga hupiga maji mara 1,500 kwa dakika. Panga lisilotengenezwa kwa kazi hiyo hupinda au huvunjika.

Pili, ukubwa. Ikiwa ni nusu tu ya rafadha inayosukuma maji, lazima kipenyo chake kiwe kikubwa kuliko cha ile ya zamani.

Tatu, idadi ya mapanga. Rafadha ya kawaida inaweza kuwa na mapanga 3. Hii ya uso wa maji mara nyingi huwa na 4, 5 au 6, ili panga moja linapotoka majini lingine liwe limekwisha kuingia. Mapanga yakiwa machache, boti nzima hutetemeka, na mtetemeko huo huishia kwenye beringi na giaboksi.

HESABU YA PICHI

Chukua skrubu uikaze katika ubao. Kila ikizunguka mara moja inaingia ndani kiasi fulani. Kiasi hicho, kwa rafadha, ndicho mafundi wanachoita pichi. Rafadha yenye pichi ya inchi 37 ingekwenda mbele inchi 37 kila mzunguko kama maji yangekuwa magumu kama ubao. Lakini maji huteleza. Kwa hesabu ya kuanzia tunaweza kuweka kuteleza kwa asilimia 15.

Tuseme injini imeandikiwa mizunguko 2,300 kwa dakika, na giaboksi inapunguza kwa 1.5. Shafti itazunguka mara 1,533. Mwenye boti anataka noti 40, yaani kilomita 74 kwa saa. Zidisha 40 kwa 1,215, upate 48,600. Hizo ndizo inchi ambazo boti lazima izipite kila dakika. Kisha toa asilimia 15 katika mizunguko ya shafti, ubaki na 1,303. Gawa 48,600 kwa 1,303. Jibu ni inchi 37 na kidogo.

Hesabu hiyo mtu aliyemaliza darasa la saba anaiweza. Lakini haijui kama injini ina nguvu ya kuifikisha boti hiyo kwenye noti 40. Nguvu hiyo hutegemea uzito. Kuandika noti 40 kwenye karatasi hakuifanyi boti nzito iende noti 40. Ikiwa uzito ni mkubwa, rafadha ya inchi 37 itaikaba injini, isifike 2,300 hata ukikanyaga mafuta hadi mwisho.

Dereva wa lori la miwa analijua jambo hili. Ukipanda mlima na shehena ukiwa katika gia ya juu, injini inanguruma, inatoa moshi mweusi na kupata moto. Rafadha ndiyo gia ya mwisho ya boti, na tofauti ni kwamba ukiwa safarini huwezi kuibadilisha. Injini ya dizeli inayobanwa chini ya mizunguko yake huku imepewa mafuta yote huungua polepole: vali, pistoni, turbo. Ni sawa na mtu aliyepangiwa kipande cha watu wawili. Siku ya kwanza atamaliza, mwezi wa kwanza pengine atamaliza, lakini mwishowe ataugua.

KUONDOKA NDIKO KUGUMU

Iko shida nyingine ambayo hesabu ya pichi haiionyeshi. Boti ikiwa imesimama hukaa chini majini, na rafadha yote imezama. Ukitia moto, rafadha kubwa iliyochaguliwa ifanye kazi nusu sasa inalazimika kusukuma kwa ukubwa wake wote, tena wakati turbo haijapata pumzi. Boti hunyanyua pua, hushusha makalio, na inaweza kubaki hapo ikinguruma bila kupanda juu ya maji.

Dawa zipo. Mafundi huweka bomba la kupeleka hewa, au moshi wa injini, juu ya mapanga ili rafadha iwe nyepesi wakati wa kuondoka. Mtambo wenye haidroliki huinuliwa kwa kiasi. Pengine hubidi kubadili giaboksi, au kuchagua rafadha yenye kipenyo kidogo zaidi. Vilevile rafadha hizi huinua makalio ya boti zikiwa mwendoni, kwa hiyo vitu vizito vilivyowekwa mbele sana huenda vikahitaji kurudishwa nyuma. Nahodha naye ajue mapema kwamba kurudi nyuma kwa mtambo huu ni dhaifu. Asifike gatini kwa mazoea ya zamani.

SHAURI MOJA LA PWANI

Miaka michache iliyopita nilitumwa na chama kusikiliza shauri la fundi mmoja wa boti ya watalii huko pwani. Kampuni yenyewe sitaitaja. Boti ilibadilishwa, rafadha mpya zikanunuliwa, na siku ya majaribio injini zote mbili zikafika 2,300. Kila mtu alifurahi. Miezi 4 baadaye turbo mbili zilikuwa zimekufa. Fundi aliambiwa amechezea pampu ya mafuta, na mshahara wake wa miezi 2 ukazuiwa.

Mwakilishi wa wafanyakazi aliuliza swali moja tu: siku ya majaribio boti ilibeba nini? Ikaonekana walikuwamo watu 3, na matangi yalikuwa karibu matupu. Siku ya kazi boti hiyo ilibeba watu 24 na lita 1,200 za dizeli. Watu 24 wa kilo 70 ni kilo 1,680. Lita moja ya dizeli ni kama kilo 0.84, kwa hiyo mafuta ni kilo 1,000 na zaidi. Rafadha zilikuwa zimechaguliwa kwa boti ambayo haikuwapo, boti isiyo na abiria.

Tukaomba boti ijaribiwe tena ikiwa na mzigo wake wote, mbele ya meneja. Mizunguko ikaishia 2,000, na moshi mweusi ukatanda nyuma. Hapakuwa na haja ya maneno mengi. Rafadha zikapelekwa kupunguzwa pichi. Boti ikapoteza noti chache, lakini injini zikafika 2,280 na moshi ukakatika. Fundi akalipwa mshahara wake wote.

MAMBO YA KUANDIKA KABLA YA KAZI

Fundi au mwakilishi wa wafanyakazi anayepewa kazi ya namna hii, na aandike mambo haya kwenye karatasi moja, na mwenye boti atie sahihi:

1. Uzito wa boti ikiwa imejaa: mafuta, maji, watu na mizigo. Kama kuna krini yenye mizani, ipimwe. Isikisiwe.

2. Nguvu ya injini, mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji, na namba ya giaboksi.

3. Kipenyo, pichi na idadi ya mapanga ya rafadha, na chuma chake, kama ni chuma kisichoshika kutu au shaba ya nikeli na aluminiamu.

4. Upande wa kuzunguka. Boti ya injini mbili huhitaji rafadha zinazozunguka kinyume, moja kulia na moja kushoto, kwa maana kila moja husukuma makalio ya boti upande.

5. Mizunguko iliyofikiwa siku ya majaribio, boti ikiwa imejaa. Ikiwa injini haifiki mizunguko yake, rafadha ni nzito. Ikiwa inaipita kwa urahisi, rafadha ni nyepesi.

6. Kinga. Mapanga haya yana makali kama kisu, na yako nyuma ya boti mahali watu wanapopandia. Fundi asiyashike bila glovu ngumu. Pawe na jukwaa au kizuizi juu yake, na injini isiwashwe mtu akiwa majini.

Karatasi hiyo haimzuii mwenye boti kutaka mwendo zaidi. Inamwonyesha tu gharama yake, na inaonyesha ni nani aliyechagua. Injini ikiharibika kesho, hatutaanza kutafuta mtu wa kubebeshwa lawama, tutatazama namba.

Ndugu zangu, katika kila karakana aliye karibu na mashine huuona mzigo kabla ya bosi kuuona. Huona moshi, husikia mlio, hugusa joto. Lakini maneno ya mdomo husahauliwa, na mnyonge haki yake hupatikana kwa maandishi. Aliye na kalamu aandike, na asiyejua kuandika amwombe mwenzake. Nakala moja ibaki mikononi mwa mwakilishi wenu.