Uchaguzi na Hisia ya Hali ya Maisha: Mfano wa Bukavu

Makala haya yanakusudia kueleza namna uchaguzi unavyoathiri jinsi watu wanavyoipima hali yao ya maisha. Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili: hali yenyewe, yaani maji, umeme, karo na bei ya unga, na hisia ya hali hiyo, yaani hukumu aitoayo mtu aulizwapo kama anaishi vizuri. Hali haigeuki kwa usiku mmoja. Hisia yaweza kugeuka matokeo yatangazwapo. Nchini Marekani, wafuasi wa Donald Trump walianza kuuona uchumi kuwa mzuri mara baada ya ushindi wa Novemba 2016, kabla hajaapishwa Januari 2017.

Lugha hudhihirisha mgeuko huo. Asemaye kila siku "ninateseka" husema siku ya matokeo "tumeshinda": kiambishi ni- kimepisha tu-, na shida ya mmoja imefunikwa na furaha ya kundi. Katika duru ya pili ya Oktoba 2006, Joseph Kabila alipata zaidi ya asilimia 90 ya kura za Kivu Kusini. Hapo "tu-" ilikuwa karibu ya mkoa mzima, na mpango wake wa "Cinq chantiers" uliahidi miundombinu, ajira, elimu, maji na umeme, na afya. Mwaka 2011, Vital Kamerhe, mwana wa mkoa huu aliyeongoza kampeni ya Kabila mwaka 2006, aligombea dhidi yake, na kura za mkoa ziligawanyika. Majirani wawili wa Kadutu, wachotao maji penye bomba moja, waliweza kusema mmoja "tumeshinda", mwingine "wametuibia".

Hasara yake ni nini? Apimaye maisha kwa jina la mshindi hawezi kumdai mshindi huyo chochote: akiwa upande wake, atavumilia bomba kavu; akiwa kinyume, hataiona barabara iliyotengenezwa. Ahadi za Desemba 2023 zilikuwa na umri wa miezi 14 tu M23 walipoutwaa mji, Februari 2025, na benki zikafunga milango.

Kwa hiyo, mpiga kura na aulizwe maswali yenye kipimo: umeme uliwaka saa ngapi wiki hii? Unga ulinunuliwa kwa faranga ngapi? Majibu hayo hayana chama, na ndiyo yanayoipa kura thamani yake.