Mzoa taka naye anahitaji cheti

Kuanzia soko la Daraja Mbili mjini Kisii hadi mji wa Nyamira, wengi humwona mzoa taka kuwa mtu asiye na ujuzi. Sivyo. Anayezoa taka za hospitali sharti ajue kwamba mfuko mweusi una taka za kawaida, wa manjano una taka zenye viini vya maradhi, na mwekundu una zile za hatari zaidi. Sindano hutiwa katika kisanduku chake. Ikipotea njia, yaweza kumwambukiza homa ya ini ya B au virusi vya Ukimwi.

Kanuni humtaka msafirishaji taka awe na leseni ya NEMA. Lakini leseni hiyo haithibitishi ujuzi wa mikono inayopakia. Aliyejifunzia kazini bila kupitia chuoni aweza kupimwa na kupewa cheti kwa utaratibu wa KNQA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2014.

Hata mwenye cheti apate chanjo ya homa ya ini mara tatu. Akidungwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji, kisha aende hospitalini upesi, kabla ya saa 72 kupita.