Wakazi wa Matopeni: Majitaka na Wanyama wa Chini katika Vinamasi vya Ziwa Victoria

Mikoko haimei katika kaunti za Homa Bay na Migori nchini Kenya, kwa kuwa ni miti ya maji ya chumvi. Kazi inayoifanya pwani, ya kuchuja maji ya nchi kavu kabla hayajafika baharini, kando ya Ziwa Victoria hufanywa na mafunjo. Mizizi yake hunasa udongo na kunyonya nitrojeni na fosforasi, virutubisho vilivyojaa katika majitaka, na ndiyo sababu kinamasi huhesabiwa kuwa mtambo wa bure wa kusafisha uchafu. Hesabu hiyo huwasahau wanaoishi matopeni.

Majitaka yanapotuama, bakteria huozesha uchafu wake kwa kutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, na katika Ghuba ya Winam, yenye kina kifupi na inayoungana na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba wa Rusinga, maji huchelewa kupata mbadala. Wa kwanza kutoweka ni lava wa efemera, wadudu wanaokulia majini hadi waote mabawa, ambao hupumua kwa matamvua laini yaliyojipanga ubavuni. Mahali pao huchukuliwa na minyoo myekundu, myembamba kama uzi, inayozika kichwa matopeni na kupunga mkia juu ikitafuta oksijeni iliyosalia; wekundu huo ni wa himoglobini, ya jamii moja na ile ibebayo oksijeni katika damu ya binadamu. Minyoo hiyo ikijaa peke yake, wingi wake si dalili ya neema.

Konokono nao hawaathiriki sawasawa. Wenye matamvua huishiwa pumzi, ilhali wa jenasi Biomphalaria na Bulinus, wenye pafu na wanaoweza kupanda juu kuvuta hewa, hustahimili. Na hao ndio walezi wa vimelea vya kichocho, ambavyo mayai yake huingia majini kwa kinyesi na mkojo. Hivyo majitaka yaleyale huweza kuleta yai la kimelea na kumwacha hai mlezi wake, palepale wavuvi wanapoteremka na akina mama wanapofua.

Upande wa Migori kuna pia zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa Macalder huitumia kunasa chembe za dhahabu. Ikisombwa hadi kwenye matope yasiyo na oksijeni, bakteria huweza kuigeuza kuwa methili-zebaki, sumu inayopita kutoka kwa wanyama wa chini hadi kwa kambare na kamongo, ikizidi kukolea kila hatua.

Sampuli ya maji huonyesha hali ya siku moja, ilhali mnyama asiyehama huonyesha ya miezi. Kwa hiyo serikali za kaunti hizi mbili hazina budi kupima matope pamoja na maji, na kuyasafisha majitaka kabla hayajafika mafunjoni.