Krimu ya keki yenye wanga kidogo: sukari ikiondoka, kazi yake anaifanya nani?

Krimu inayopakwa juu ya keki ya karoti, ile ya jibini laini nyeupe iitwayo krimu chizi, hudhaniwa kuwa ni maziwa matupu. Kumbe katika mapishi mengi kinachoongoza kwa uzito ni sukari. Gramu 225 za jibini na gramu 115 za siagi hutiwa sukari ya unga hata gramu 400. Keki ikikatwa vipande 12, kila mlaji anapata gramu 33 za sukari kwenye krimu pekee. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asivuke gramu 50 hivi kwa siku, na akiweza abaki chini ya 25.

Basi anayepunguza wanga huiondoa sukari, akatia kitu kingine kitamu. Hapo ndipo mpishi mgeni hukwama, maana sukari haikuwekwa kwa ajili ya utamu tu. Ndiyo inayoijaza krimu ikasimama, na ndiyo inayoyashika maji ya jibini yasiwe chakula cha bakteria.

Mbadala unaotumika sana ni eritritoli. Sehemu kubwa yake hufyonzwa na utumbo mwembamba kisha hutoka na mkojo bila kuunguzwa mwilini, hivyo sukari ya damu haipandi kwa kiasi cha kutajika. Utamu wake ni kama theluthi mbili ya ule wa sukari. Shida yake ni kwamba haiyeyuki upesi. Ukiitia ilivyo, chembe zinabaki ndani ya siagi, unazisikia zikikwaruza menoni huku ulimi ukipata ubaridi kama wa mnanaa. Isage kavu kwenye blenda hadi iwe vumbi, subiri kidogo kabla ya kufungua kifuniko, kisha ichekeche.

Kwa vipimo vile vile vya jibini na siagi, gramu 60 zinatosha. Anza na siagi halisi ya maziwa, si majarini, iliyolainika kiasi cha kubonyea kwa kidole bila kung'aa mafuta. Ipige pamoja na eritritoli, chumvi kidogo na vanila mpaka ipauke. Jibini iingie mwisho, kidogo kidogo, na ukiona imechanganyika, zima mashine. Ikipigwa mno muundo wake huvunjika, maji yanaachia na krimu inakuwa uji. Chagua jibini ya kipande. Ile ya kopo, ya kupaka mkate, kwa kawaida ina maji zaidi. Wa Dar es Salaam au Mombasa asiache siagi mezani asubuhi nzima: kwenye nyuzi 30 inakaribia kuyeyuka. Krimu ikilegea, iweke kwenye friji nusu saa. Kuongeza eritritoli kutaleta chembe tu.

Kwa kuwa hakuna sukari ya kuilinda, ihifadhi kwenye friji na usiiache nje zaidi ya saa mbili, au saa moja siku ya joto kali.

Wanga katika bakuli zima haufiki gramu 15 ukiacha eritritoli yenyewe, ambayo baadhi ya lebo huihesabu humo. Lakini isiitwe krimu ya kupunguza mwili: kila kipande bado kina kilokalori 130 hivi, karibu zote za mafuta. Eritritoli nayo si ya kujimwagia. Mwaka 2023 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, waliripoti kwamba watu wenye kiwango kikubwa cha eritritoli katika damu walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwili nao hujitengenezea kiasi kidogo, hivyo matokeo hayo peke yake hayathibitishi kuwa iliyoliwa ndiyo chanzo. Hata hivyo, mgonjwa wa moyo ana sababu ya kumuuliza daktari wake kwanza.

Mwenye kisukari aitazame pia keki iliyo chini. Ikiwa ni ya unga wa ngano na sukari, krimu hii imempunguzia mzigo wa juu tu, na anayechoma insulini ahesabu wanga wa kipande kizima.