Mtoto mwenye ulemavu akishakuwa mtu mzima, mgongee mlango

Binamu yangu ana miaka 31. Miaka mitatu iliyopita alipata ajali ya bodaboda akitoka kazini, akaumia uti wa mgongo. Aliporuhusiwa kutoka hospitali alipelekwa kwa mama yake Chamazi, Temeke, yeye na mkewe.

Kiti mwendo hakikupita kwenye mlango wa chumba, kwa hiyo kitanda chake kikawekwa sebuleni. Mama na mdogo wake ndio waliomgeuza, wakamwogesha na kumwaga mfuko wa mkojo. Mkewe alipangiwa kulala na mawifi zake.

Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Wote walikuwa wamechoka na kila mmoja aliamini anasaidia. Lakini kwa miezi minane wanandoa hao hawakupata hata usiku mmoja wa kuwa peke yao. Mwezi wa tisa mke aliaga kuwa anakwenda kuwasalimia wazazi wake Morogoro. Hakurudi.

Sisi ndugu tulisema mengi. Tulisema amekimbia shida. Tulisema alimpenda mumewe akiwa mzima tu. Mpaka siku moja binamu yangu aliponiambia kwamba tangu aumie ameulizwa na kila mtu kuhusu choo, vidonda na chakula, lakini hakuna hata mmoja, awe nesi au ndugu, aliyewahi kumuuliza kuhusu ndoa yake.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na hata mimi sikumuuliza.

Walezi ni sisi wenyewe

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu. Yapo makazi yenye wahudumu wa kuajiriwa, lakini kwa familia nyingi za Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju, mhudumu ni mama, shangazi, mdogo mtu au dada wa kazi. Ndiyo maana suala hili ni la ukurasa wa familia.

Kuhusu haki, hakuna utata. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 23 cha mkataba huo kinataja haki ya mtu mwenye ulemavu aliyefikia umri wa kuoa au kuolewa kuanzisha familia kwa ridhaa yake, kuamua idadi ya watoto na kubaki na uwezo wake wa kuzaa. Kifungu cha 25 kinataka apate huduma za afya ya uzazi sawa na wengine.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inasimamia ridhaa ya hiari ya wanaooana. Mtu mzima anayetumia kiti mwendo, asiyeona au asiyesikia hatakiwi kuwa na ridhaa ya ziada kwa sababu ya ulemavu wake.

Mwili haujazimika

Imani iliyoenea mitaani ni kwamba aliyepooza kiuno "kwisha habari yake". Si kweli.

Mwanaume aliyeumia uti wa mgongo anaweza kupungukiwa na nguvu za kiume au kushindwa kutoa mbegu kwa njia ya kawaida, kutegemea mahali alipoumia na kwa kiasi gani. Wengi husaidiwa kwa dawa au vifaa, lakini zitoke kwa daktari. Dawa za nguvu za kiume zinazouzwa kiholela ni hatari, hasa kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kwani shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla.

Mwanamke aliyeumia uti wa mgongo huweza kukosa hedhi kwa miezi kadhaa. Baadaye hedhi hurudi, na kwa kawaida uwezo wa kushika mimba nao hubaki. Anahitaji ushauri wa uzazi wa mpango kama mwanamke mwingine yeyote. Amweleze mtoa huduma kuwa hatembei, kwa sababu vidonge vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda kwa mtu asiyetembea.

Mipira ya mkojo haizuii tendo la ndoa. Anayejitoa mkojo kwa mpira kwa vipindi amalize kabla. Anayekaa na mpira muda wote amuulize nesi namna ya kuuweka pembeni na kuubana kwa plasta usivutwe.

Kuna hatari moja ambayo kila mlezi na kila mwenza anapaswa kuijua. Aliyeumia usawa wa kifua kwenda juu anaweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla wakati wa tendo au wa uchungu wa kujifungua. Dalili ni kichwa kuuma sana, jasho na uso kuwa mwekundu au wa moto. Aache, aketi wima, aangaliwe kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa. Hali isipotulia mara moja, ni dharura ya hospitali.

Waliozaliwa na mgongo wazi nao wana jambo lao. Wengi wao hupata mzio wa mpira wa asili, na kondomu nyingi zimetengenezwa kwa mpira huo. Zipo za aina nyingine. Kwa wenye kifafa, dawa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitali hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Mweleze mtoa huduma dawa zote anazotumia.

Mlezi afanye nini?

Anza na faragha. Gonga mlango, subiri ujibiwe, ndipo uingie. Kama hakuna mlango, weka pazia zito na mkubaliane kwamba likishushwa, hakuna anayepita. Mtu anayeogeshwa na wengine kila siku huzoea kuonwa kama mzigo wa kazi za nyumbani. Kumgongea ni kumwambia kuwa mwili ule bado ni wake.

Panga ratiba naye. Kama ana mwenza, muulizeni ni siku gani na saa ngapi wanataka kuachwa. Maandalizi yafanyike mapema: kuoga, kumwaga mfuko wa mkojo, mito ya kuegemea ili asipate vidonda, maji na simu karibu. Mkubaliane ishara ya kuita msaada. Kisha mlezi aondoke.

Msimuulize mbele ya watu. Mila zetu zina busara hapa: mama mzazi si lazima ndiye azungumze na mwanawe wa kiume mambo ya unyumba. Mtumeni mjomba, shangazi, bibi au rafiki mwenye kifua cha kutunza siri.

Simu yake ni yake. Kwa anayekaa ndani siku nzima, simu ndiyo barabara yake ya kwenda kwa watu. Anayehitaji kusomewa ujumbe achague mwenyewe nani amsomee, na msomaji asihadithie jikoni.

Kwa asiyesikia, kliniki si mahali pa kumtuma mtoto wa jirani atafsiri. Atafutwe mkalimani wa lugha ya alama anayemkubali, au waandikiane kama anasoma. Kwa asiyeona, majibu ya vipimo asomewe na mhudumu wa afya faraghani, yasipewe aliyemsindikiza.

Mpaka wa msaada

Msaada huu una mwisho wake. Mlezi huandaa, huleta taarifa, humpeleka kliniki na hulinda faragha. Hashiriki tendo, hashiki mwili kwa namna ya kimapenzi, na wala hajenge mapenzi na mtu anayemhudumia kwa kazi. Mtu anayekutegemea kwa chakula na choo hawezi kukukatalia kwa uhuru.

Uingereza, taasisi inayokagua huduma za malezi kwa watu wazima ilitoa mwongozo mwaka 2019 ikiwataka wahudumu wasikwepe mazungumzo ya mapenzi na uhusiano. Lakini mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ya huko iliamua kuwa wahudumu wangevunja sheria endapo wangemsaidia mwanaume mmoja mwenye matatizo ya akili kumpata mwanamke wa kumlipa. Wenzetu nao wanautafuta mstari ulipo.

Mpaka huo unamlinda pia mhudumu. Dada wa kazi anayeshikwa-shikwa wakati wa kumwogesha kijana wa nyumba ana haki ya kukataa na kusikilizwa. Asijibiwe kuwa "huyo ni mgonjwa, mvumilie". Mwambieni kijana waziwazi kuwa hilo haliruhusiwi, na ikibidi awe anaogeshwa na mwanaume.

Usimfiche elimu

Kwa wazazi wenye watoto wanaokaribia kubalehe, kazi huanza mapema. Kwa Wazaramo na majirani zao wa pwani, binti akivunja ungo huwekwa mwali, na kungwi au somo humfunda. Jiulize: binti yako asiyesikia, au mwenye ulemavu wa akili, alifundwa na nani? Mara nyingi ndugu zake hufundwa, yeye akaambiwa acheze nje.

Mtoto wa namna hiyo ndiye anayehitaji maneno mengi zaidi, yawe mafupi na yarudiwe. Mfundishe majina halisi ya viungo vyake vya siri. Mfundishe namna ya kujihifadhi wakati wa hedhi kwa kumwonyesha, si kwa kumwambia tu. Kijana akijishika hadharani, usimchape. Mweleze kwa utulivu kuwa hilo si la sebuleni wala la barabarani, kila mara kwa maneno yaleyale. Na mwambie mtu yeyote asimguse sehemu za siri, na kwamba akisaidiwa kuoga, anayeosha aseme kwanza anachotaka kufanya.

Wapo wazazi wanaompeleka binti mwenye ulemavu wa akili kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango kila baada ya miezi mitatu bila kumweleza. Hofu yao naielewa. Lakini sindano hiyo haizuii kubakwa, haizuii virusi vya Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Inachozuia ni mimba, ambayo pengine ndiyo ingekuwa dalili pekee ya kukujulisha kuwa kuna mtu anamuumiza mwanao.

Ulemavu wa akili peke yake haumaanishi mtu mzima hawezi kupenda wala kuamua. Kinachotazamwa ni kama anaelewa tendo lenyewe, anajua linaweza kuleta mimba au ugonjwa, na anajua anaweza kusema hapana na ikakubalika. Aelezwe kwa picha na maneno rahisi, aulizwe siku tofauti. Kama haelewi hata baada ya kuelekezwa, hakuna ridhaa, na anayemwingilia anafanya kosa la jinai.

Ukiona hofu ya ghafla kwa mtu fulani, kukataa kuogeshwa, maumivu, michubuko au zawadi zisizo na maelezo, usimwogeshe wala kufua nguo zake. Mpeleke hospitali mapema, ikiwezekana ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya muda huo. Toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kwa aliye chini ya miaka 18, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bila malipo.

Mlango wa Chamazi

Baada ya mazungumzo yale, tuliitana kama familia. Hayakuwa mazungumzo mepesi. Shangazi, yaani mama yake binamu yangu, alilia, akasema alidhani kumlea mwanawe ni kutomwacha peke yake hata dakika moja.

Fundi alikuja akabomoa upande mmoja wa ukuta, akapanua mlango wa chumba mpaka kiti mwendo kikapita. Kazi ilichukua siku mbili. Kitanda kikatoka sebuleni. Mjomba mmoja alikwenda Morogoro, na alichokwenda kufanya kwanza ni kumwomba mkwe wetu radhi.

Amekuja mara mbili tangu hapo, mara ya pili akakaa wiki nzima. Kama atarudi moja kwa moja, hilo ni lao wawili. Sisi tuliobaki tumejifunza kubisha hodi na kungoja.