Kushi ni ya nani?

Dranya iko wilayani Koboko, kwenye pembe ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini. Wakakwa wa huku wana ndugu zao Yei, Sudan Kusini, na upande wa Aru, Kongo. Mipaka iliwakuta wakiwa ndugu tayari. Jirani yao, wilayani Yumbe, kuna makazi ya Bidibidi, yaliyofunguliwa mwaka 2016 kupokea wakimbizi wa Sudan Kusini. Miongoni mwa Wakristo wa nchi hiyo, jina la Kushi lina uzito wa pekee.

Fungua Isaya 18. Nabii anataja nchi iliyo ng'ambo ya mito ya Kushi, wajumbe wanaopita majini kwa vyombo vya mafunjo, na watu warefu wenye ngozi laini ambao nchi yao imekatwa na mito. Aliyekulia kando ya Nile haambiwi mafunjo ni nini. Ndiyo maana wengi waliisoma sura hiyo kama habari yao wenyewe katika miaka ya vita, na kabla ya uhuru wa Sudan Kusini, Julai 9, 2011, Kushi lilikuwa miongoni mwa majina yaliyopendekezwa kwa taifa jipya.

Ufalme wa Kushi wenyewe ulikuwepo kweli, kaskazini ya Sudan ya leo, na miji yake mikuu ilikuwa Kerma, Napata na Meroe. Tirhaka anayetajwa katika Wafalme wa Pili ni Taharqa, aliyetawala Kushi na Misri kuanzia mwaka 690 Kabla ya Kristo. Piramidi yake ingali Nuri.

Wataalamu wa lugha nao walilichukua jina. Kwao, Wakushi ni Wasomali, Waoromo, Warendile, hata Wairaqw wa Mbulu, Tanzania. Kikakwa hakimo, ni lugha ya Kiniloti. Ajabu zaidi, watafiti kadhaa wanaiweka lugha ya Meroe yenyewe karibu na Kinubi cha kale cha Nile, mbali na lugha hizo zinazoitwa za Kikushi.

Katika Mwanzo, Kushi ni mwana wa Hamu, na matumizi mabaya kuliko yote yalitokana na jina la baba huyo. Waandishi wa kikoloni, akiwemo C. G. Seligman katika kitabu chake cha mwaka 1930, walidai kwamba ustaarabu wa Afrika uliletwa na "Wahamu" waliotoka nje. Nadharia hiyo iliwafanya Watutsi wa Rwanda waitwe wageni kutoka Ethiopia, na mwaka 1994 waliofanya mauaji ya kimbari nchini humo waliitumia. Wengine walihubiri kwamba weusi ni laana ya Hamu, ilhali Mwanzo 9 inasema wazi kwamba aliyelaaniwa ni Kanaani, nduguye Kushi. Kushi hakulaaniwa popote katika sura hiyo.

Kwa hiyo mhubiri anayelitaja jina hili mbele ya vijana wa Koboko au Bidibidi awaonyeshe na piramidi za Nuri na Meroe. Na akimsikia mtu analitumia kumfanya jirani yake mgeni, amkatize pale pale.