Muziki Garini (Sehemu ya 2): Unene wa Waya wa Wufa

Unene wa waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye wufa huamuliwa kwanza na mambo mawili: urefu wa njia ya umeme, na omu za wufa yenyewe. Wati zilizochapishwa kwenye boksi la amplifaya huja nyuma ya hayo. Katika matatu za viti 14 zinazokwenda Likoni na Ukunda, Kisauni na mjini, au Changamwe na Mikindani, besi ni sehemu ya biashara, na wenye magari hulipa pesa nyingi kuipata. Ndiyo maana inasikitisha kuona fedha hizo zikipotelea kwenye waya mwembamba uliofichwa chini ya zulia, au zikilipia waya mnene kupita haja.

Kila waya hukinza umeme. Waya wa shaba nyekundu wenye eneo la milimita moja ya mraba una ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita, katika nyuzijoto 20. Eneo likiongezwa maradufu, ukinzani hupungua nusu. Urefu ukiongezwa maradufu, nao ukinzani huongezeka maradufu. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba umeme huenda na kurudi, kwa hiyo umbali wa mita nne ni waya wa mita nane. Hesabu yenyewe ni fupi: umbali mara mbili, mara 0.0172, kisha jumla igawanywe kwa milimita za mraba za waya. Jibu lisipozidi asilimia 5 ya omu za wufa, waya huo unatosha.

Tuchukue Toyota Hiace ambayo amplifaya yake imefungwa nyuma ya kiti cha dereva na wufa iko chini ya kiti cha mwisho. Waya ukipita pembeni mwa sakafu, umbali ni mita nne hivi. Waya wa milimita 0.75 za mraba, ule wa spika ndogo za nyumbani, utakuwa na omu 0.18. Kwa wufa ya omu 4 hiyo ni asilimia 4.6, bado ndani ya mpaka. Kwa wufa ya omu 2 ni zaidi ya asilimia 9. Waya wa milimita 1.5 hushusha kiasi hicho hadi asilimia 4.6, na wa milimita 2.5 hadi asilimia 2.8.

Omu hizo zinategemea namna koili zilivyounganishwa, na hapa ndipo mafundi wengi huteleza. Wufa yenye koili mbili za omu 4 ikiunganishwa sambamba hugeuka kuwa ya omu 2. Ikiunganishwa kwa mfuatano huwa ya omu 8. Wufa mbili za omu 2 zikiwekwa sambamba hubakisha omu 1 tu, na hapo hata waya wa milimita 2.5 huvuka mpaka kidogo, kwa asilimia 5.5. Unaofaa ni wa milimita 4. Waya uliotosha kabla koili hazijabadilishwa huenda usitoshe baadaye, ingawa hakuna kilichohamishwa garini.

Wati huingia kwenye hesabu kwa njia ya joto. Amplifaya inayotoa wati 500 kwenye omu 2 husukuma takriban ampea 16. Ikifanya kazi kwa nguvu zote mfululizo, ule waya wa milimita 0.75 utageuza karibu wati 40 kuwa joto, chini ya zulia ambalo tayari limeiva kwa jua la mchana. Shaba yenyewe huongeza ukinzani kadiri inavyopata joto, kwa kiasi cha asilimia 16 kutoka nyuzi 20 hadi 60. Muziki wa kawaida hauivuti amplifaya hivyo kila dakika, ila si busara kuitegemea bahati hiyo. Kwa upande wa sikio, upotevu wa asilimia 5 hupunguza sauti kwa chini ya nusu desibeli, kiasi ambacho abiria hatakitambua. Kwa hiyo hakuna haja ya kununua waya wa milimita 10 kwa ajili ya wufa. Unene huo ni wa waya wa betri, ulioelezwa katika sehemu ya kwanza: kutoa wati zile zile 500 kwa volti 13.8, amplifaya huvuta ampea 45 hivi. Nyaya hizo mbili hazina kazi moja, na unene wa mmoja si kipimo cha mwingine.

Dukani, vipimo huja kwa lugha mbili. Waya wa umeme wa nyumba huuzwa kwa milimita za mraba, nao wa magari mara nyingi kwa geji za Kimarekani, ambazo namba ikipanda waya huwa mwembamba. Geji 16 ni milimita 1.3, geji 14 ni 2.1, geji 12 ni 3.3, na geji 10 ni 5.3. Waya wa nyumba wenye uti mmoja mgumu haufai garini hata ukiwa na eneo sahihi, kwa sababu mtikisiko wa barabara huuvunja ndani ya ganda. Unaotakiwa ni wenye nyuzi nyingi nyembamba.

Udanganyifu mkubwa uko kwenye ganda. Plastiki nene hufanya waya uonekane mnene huku shaba ndani ikiwa kidogo. Kipimo cha haki ni kuhesabu nyuzi: waya wa milimita 2.5 huwa na nyuzi 50 zenye kipenyo cha milimita 0.25, na wa milimita 1.5 huwa na nyuzi 30 za unene huo huo. Uzito nao husema kweli. Roli ya mita 100 ya waya pacha wa milimita 2.5 hubeba karibu kilo nne na nusu za shaba peke yake, bila plastiki. Roli nyepesi sana ina alumini iliyopakwa shaba, ambayo mara nyingine huandikwa CCA. Uzi ukikwaruzwa kwa kisu, weupe hujitokeza chini ya wekundu. Ukinzani wa waya wa aina hiyo ni karibu mara 1.6 ya shaba, hivyo wa milimita 4 hufanya kazi ya shaba ya milimita 2.5. Kwenye hesabu hilo lingekubalika. Pwani ni hatari, kwa kuwa alumini ikigusana na shaba penye unyevu wa chumvi, ndiyo huliwa kwanza. Gari linalopanda feri ya Likoni kila siku hupata hewa hiyo bila kukosa. Hata shaba safi hufanya kutu ya kijani kwenye ncha zilizoachwa wazi, na ndiyo sababu nyaya za vyombo vya baharini hupakwa bati.

Kwenye tuktuk mambo ni mepesi. Umbali ni mita moja na nusu, na waya wa shaba wa milimita 0.75 hutosha kwa spika ya omu 4.

Waya ukishafungwa, hupimwa ukiwa kazini. Hupigwa sauti moja isiyobadilika ya hezi 50, kisha mita iliyowekwa kwenye volti za AC husomwa kwenye skrubu za amplifaya, halafu kwenye skrubu za wufa. Kama kwenye amplifaya ni volti 20, kwenye wufa zisishuke chini ya 19. Zikianza kushuka baada ya miezi kadhaa bila waya kubadilishwa, tatizo liko kwenye ncha: hukatwa hadi ionekane shaba inayong'aa, hubanwa upya kwenye kishikio na kufunikwa kwa mpira unaonywea kwa joto.